Ule ufa niliopiga picha

Nimekuwa kimya hapa karibu wiki tatu. Wapo walioniandikia kuuliza kama naumwa, na mmoja akauliza kama nimeoa kimyakimya. Hakuna lolote kati ya hayo. Kuna makala moja nilikuwa nadaiwa, na kila nikikaa kuiandika naona aibu, nafunga kompyuta, naenda zangu kijiweni. Leo nimesema liwalo na liwe.

Wengi mnajua kwamba naishi Kinondoni na kwamba kazi yangu ni habari. Mtaani kwetu kuna daraja dogo. Jina la daraja na la mtaa nayahifadhi, sababu mtaziona mbele. Ni daraja la zege la kawaida kabisa: bimu nne chini, slabu juu, linavuka mfereji ambao kiangazi mtoto anauruka na masika unageuka mto. Hapo wanapita watu wa bajaji, bodaboda, magari madogo, malori ya mchanga ambayo hayatakiwi kupita, na wanafunzi wa shule ya msingi iliyoko ng'ambo. Mwanzoni mwa daraja anakaa mama mmoja muuza vitumbua ambaye amenilisha kwa mkopo tangu nikiwa chuo.

Masika ya 2024 nadhani mnayakumbuka. Zilianza mvua za El Nino mwishoni mwa 2023, kabla watu hawajaanua nguo zikaungana na masika yenyewe. Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwishapoteza maisha nchini kutokana na mvua hizo. Kila chumba cha habari kilikuwa kinataka habari ya maji. Mimi nilikuwa na mkataba wa miezi sita na njaa kali ya kuona jina langu ukurasa wa kwanza. Basi asubuhi moja nikashuka chini ya daraja letu nikiwa na simu yangu.

Nikaona ufa.

Ulikuwa katikati ya bimu, unapanda kutoka chini kwenda juu. Ukweli ni kwamba ulikuwa mwembamba kama unywele, hata wembe usingepenya. Lakini nilisogeza simu karibu kabisa, mwanga ukatokea pembeni, na kwenye picha ufa ule ukaonekana kama Bonde la Ufa lenyewe. Nikapanda juu nikaongea na wapita njia wawili. Nikawaonyesha picha kwanza, kisha nikawauliza kama wanaogopa. Mnadhani wangejibu nini? Mhandisi sikumtafuta. Nilijiambia muda hautoshi, gazeti linakwenda mitamboni. Kichwa cha habari sikukiandika mimi, ila siwezi kumsingizia mhariri, maana habari niliyompelekea ndiyo iliyokizaa. Kilisema daraja linasubiri roho za watu.

Siku ile nilipongezwa sana jamani. Hata mama wa vitumbua alininunulia soda.

Kilichofuata ndicho sikukitegemea. Wazazi wakawakataza watoto kupita darajani. Sasa mtoto umemkataza daraja na shule iko ng'ambo, unategemea atapita wapi? Watoto walishuka chini kama mita mia moja hivi, wakawa wanavuka kwa kukanyaga mawe. Siku ya nne mvua ikanyesha huko juu, kwetu kulikuwa na jua. Maji yakaja kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa darasa la pili akateleza. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anaosha pikipiki yake pale chini alimdaka mkono akiwa ameshaanza kwenda. Mtoto alipoteza kiatu kimoja na begi. Mungu ni mwema, hakupoteza zaidi.

Jioni yule kijana alinikuta kijiweni. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniuliza tu, "Braza, kwani lile daraja ulilipima?"

Sikuwa na jibu.

Nina baba mdogo anayeishi Temeke. Ni fundi nondo, kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka 30: maghorofa, makalavati, matangi ya maji, na madaraja pia. Jumapili ile nilimfuata.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Habari yako nimeisoma." Akanyamaza, akamimina chai. "Umeandika kwamba zege limepasuka. Sasa mwanangu, zege lisipopasuka kabisa, ile nondo ndani inafanya kazi gani?"

Nikabaki namwangalia. Nilidhani ananitania, kumbe anaanza somo.

Akachukua chaga ya kitanda kibovu iliyokuwa uani, akailaza juu ya matofali mawili, akaikanyaga katikati. "Tazama inavyopinda. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Zege ukilibana ni jabali. Ukilivuta ni chaki." Baadaye nilisoma vitabuni nikakuta mzee hakukosea: uwezo wa zege kuhimili kuvutwa ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kuhimili kubanwa. Ndiyo maana nondo kubwa za bimu zinalazwa chini, mahali panapovutwa. Zege likianza kushindwa kule chini linapata nyufa nyembamba, na hapo nondo inapokea mzigo. Wahandisi wanalijua hilo tangu wakiwa kwenye karatasi. Kanuni nyingi za ujenzi zinaruhusu nyufa za upana wa milimita 0.3 hivi kwa zege la kawaida lenye nondo. Yaani ufa wangu wa ukurasa wa kwanza ulikuwa umeruhusiwa kabla daraja halijajengwa!

"Lakini zipo nyufa za kukimbia," akasema. "Twende ukanionyeshe hilo daraja lako."

Tulipanda daladala, tukafika Kinondoni saa kumi jioni, tukashuka chini na tochi. Ufa wangu aliutazama kidogo tu. Akaenda kwenye ncha za bimu, pale zinapokaa juu ya kuta za pembeni. Akaniambia pale ndipo pa kutafuta nyufa zinazokwenda mshazari, maana zile ni dalili kwamba bimu inataka kukatika kwa mkato, na kukatika kwa namna hiyo kunakuja ghafla bila kuaga. Hazikuwepo. Tukashukuru.

Kisha akamulika bimu ya pembeni kabisa. Kulikuwa na doa la rangi ya kahawia, na chini yake zege limebanduka kama ukubwa wa sahani, nondo inachungulia. "Hapa waliofunga hawakuweka biskuti," akasema, yaani vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo isigusane na mbao. Nondo ikiwa karibu na uso wa zege, unyevu na hewa vinaifikia mapema. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba, inalisukuma zege, zege linabanduka, unyevu unazidi kuingia. Huo ni mduara.

La mwisho lilikuwa miguuni kwangu. Mzee alichuchumaa kwenye maji, akapenyeza mkono chini ya ukuta unaobeba daraja. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa yamekula udongo wote chini ya msingi.

"Hii ndiyo habari yako," akasema. "Uliipa mgongo ukapiga picha unywele."

Tangu siku ile nimekuwa mgonjwa wa madaraja, kila ninachokiona kwenye intaneti kuhusu zege nasoma. Na ndivyo nilivyokutana na kitu ambacho mara ya kwanza nilidhani ni hadithi: chuma chenye kumbukumbu.

Naomba nieleze kwa lugha ya kwetu, maana nami nilielezwa hivyohivyo. Kuna vyuma vya mchanganyiko ambavyo ukivinyoosha au kuvikunja vinakaa hivyo ulivyoviacha, lakini ukivipasha moto vinarudi kwenye umbo lake la zamani. Ndani yake atomi zimejipanga kwa namna fulani, ukivivuta zinajipanga kwa namna nyingine, moto unazirudisha zilikotoka. Maarufu kuliko wote ni mchanganyiko wa nikeli na titani unaoitwa Nitinol, uliogunduliwa Marekani kwenye maabara ya silaha za jeshi la majini na William Buehler na wenzake, kuanzia 1959. Inasimuliwa kwamba katika kikao kimoja mwaka 1961 kipande chake kilichokunjwakunjwa kilipitishwa mezani, mmoja akakisogezea kiberiti chake cha kuwashia kiko, kikajinyoosha chenyewe mbele ya macho ya mabosi. Leo mtu anaweza kuwa nacho mdomoni, kwenye waya za kunyoosha meno, au ndani ya mshipa wa moyo, au kwenye fremu za miwani.

Nitinol ni ghali mno kwa daraja. Lakini mwaka 1982 watafiti wa Japani walionyesha kwamba tabia hiyo inapatikana pia kwenye mchanganyiko wa chuma cha kawaida, manganisi na silikoni. Hapo ndipo watu wa ujenzi walipoanza kusikiliza.

Kwa nini wasikilize? Rudi kwenye chaga ya ba'mdogo. Bimu imeelemewa, chini inavutwa, nyufa zinafunguka. Ungefanyaje ili uibane tena? Fanya jaribio hili hapo ulipo. Panga vitabu kumi mezani, vibane kwa viganja kutoka pande mbili, kisha vinyanyue vyote kwa pamoja. Havidondoki, ingawa hakuna gundi kati yake. Kubana peke yake kumevigeuza bimu. Ndicho kinachofanyika kwenye madaraja makubwa: nyaya za chuma zinavutwa kwa jeki zenye nguvu, zinafungwa miishoni, nazo zinalibana zege muda wote. Nyerere kule Kigamboni lililofunguliwa 2016, na Tanzanite hapa kwetu lililozinduliwa na Rais Samia Machi 2022, yote yanabebwa kwa chuma kilichovutwa.

Tabu inakuja kwa daraja la zamani ambalo limeshajengwa. Jeki inataka nafasi, nyaya zinataka mifereji ya kupita na vifungo vikubwa miishoni. Chini ya bimu ya daraja la mtaani hakuna hata pa kusimama.

Sasa angalia ujanja wa chuma chenye kumbukumbu. Nondo inavutwa kiwandani, inaletwa ikiwa imerefushwa kidogo. Unaifunga kwenye bimu, ncha mbili unazikaza vizuri. Kisha unaipasha moto, kwa mfano kwa kupitisha umeme. Inakumbuka urefu wake wa zamani, inataka kujikunyata. Lakini ncha zimekazwa, haina pa kwenda. Basi ile nguvu ya kutaka kujikunyata inaishia kwenye zege, na zege linabanwa. Hakuna jeki, hakuna mafuta ya mashine.

Na hili limeshafanyika kwenye daraja la kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika jimbo la Michigan kule Marekani, kulikuwa na daraja la barabara ya US-31 lenye bimu za zege zilizopata nyufa za mshazari, zilezile za kukimbia. Wahandisi walifunga fimbo za chuma chenye kumbukumbu kukatiza nyufa, wakazipasha moto mpaka nyuzijoto 300 hivi kwa mkondo wa umeme wa ampea 1,000. Upana wa nyufa ukapungua kwa asilimia 40 hivi.

Uswisi wameenda mbali zaidi. Kuna taasisi ya utafiti inaitwa Empa, iko Dübendorf karibu na Zürich. Walitengeneza mchanganyiko wao wenye chuma, manganisi, silikoni, kromi na nikeli, ambao hauhitaji joto kali sana, nyuzijoto 160 hadi 200 zinatosha kuuamsha. Kampuni ya re-fer iliyotokana na kazi hiyo ilianzishwa 2012 na inauza nondo na bapa zake. Nguvu ya kubana inayopatikana ni megapaskali 300 na zaidi. Nilipiga hesabu kwa nondo ya milimita 16, ile mnayoiona kwenye maghorofa ya Sinza: ni kama tani 6. Yaani nondo moja tu inabana kwa uzito wa Coaster iliyojaza mpaka mlangoni.

Mwaka 2025 Empa walieleza majaribio yao ya karibuni. Walichukua slabu tano za zege za mita 5 kila moja, mfano wa sehemu ya juu ya daraja. Moja waliiacha kama ilivyo ili wapate cha kulinganisha. Nne waliziongezea tabaka la zege maalumu lenye nyuzi za chuma, nyingine zikiwa na nondo za kawaida ndani ya tabaka hilo, nyingine nondo zenye kumbukumbu. Aina zote mbili ziliongeza uwezo wa kubeba mara mbili au zaidi. Tofauti ikawa hapa: zile za kumbukumbu zilipopashwa moto, nyufa zilizokuwepo zilijifunga, na slabu iliyokuwa imebonyea ikainuka.

Nilimpelekea ba'mdogo habari hii nikiwa na furaha kama niliyegundua mimi. Akasikiliza mpaka mwisho. Mzee hana haraka.

"Kutu je?"

Nikamwambia ina kromi, lakini bado inafunikwa kwa zege au mota kama nondo nyingine.

"Haitalegea?"

Nikamwambia inalegea kidogo kadiri muda unavyokwenda, nao wanalipigia hesabu tangu mwanzo.

"Bei?"

Nikacheka. Ni ghali kuliko nondo ya kawaida kwa mbali, na inatumika pale ambapo njia rahisi zimegoma au ambapo kuvunja na kujenga upya ni ghali zaidi.

Kisha akauliza swali ambalo limenifanya nikae kimya wiki tatu. "Hao watu, kabla hawajafunga hiyo nondo, walijuaje ndani ya bimu kuna nini?"

Nikasema nadhani wana michoro, wana mafaili, wanakagua kila baada ya miaka kadhaa.

"Sawa. Na lile daraja lako, ndani kuna nondo ngapi?"

Sijui.

"Za milimita ngapi? Lilijengwa mwaka gani? Liliwekwa libebe tani ngapi?"

Sijui, ba'mdogo.

"Mimi madaraja niliyofunga kwa mikono yangu, ukiniuliza leo, nakumbuka mawili matatu. Yale mengine yamebaki na wenzangu, na wengi tumeshawazika."

Nikafikiria. Kiswahili chetu kina neno moja, kumbukumbu, kwa kile kilicho kichwani na kile kilicho kwenye faili. Sisi tunashangaa chuma kuwa na kumbukumbu, wakati daraja la mtaani kwetu zima kumbukumbu zake ziko kichwani mwa wazee wa Temeke.

Msinielewe vibaya. Sisemi nchi nzima haina mafaili. TANROADS wana barabara kuu na za mikoa, TARURA tangu 2017 wana za mijini na vijijini, na wahandisi wanaozunguka kukagua wapo. Vifaa navyo vipo: kipo cha kupitisha juu ya zege kikakuonyesha nondo zilipo bila kubomoa, ipo nyundo maalumu ya kugonga zege ikakukadiria ugumu wake. Ninachosema ni kwamba mimi mwandishi niliandika daraja litaua bila kuuliza faili liko wapi na linasema nini. Na bila faili hilo hata Waswisi wakikuletea nondo zao bure hutajua uzifunge wapi, ngapi, na kama tatizo ndilo hilo.

Maana mara nyingi tatizo silo hilo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na watu wa Kusini wakatengwa na Dar kwa siku kadhaa. Pale hukukuwa na bimu iliyochoka. Yalikuwa maji kula udongo, kama yale yaliyomeza mkono wa ba'mdogo. Chuma chenye kumbukumbu hakina msaada hapo, panahitajika mawe, msingi mrefu na njia pana ya maji. Daraja letu likitibiwa ufa na kuachwa msingi, litaanguka likiwa na bimu nzuri sana.

Na wenye mafaili nao wasijisahau. Agosti 14, 2018 daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, liliporomoka na kuua watu 43. Chuma kilichokuwa kinalibeba kilikuwa kimefunikwa na zege, kikaliwa na kutu humohumo ndani ambamo macho hayafiki. Septemba 11, 2024, usiku wa manane, sehemu ya daraja la Carola mjini Dresden, Ujerumani, ilianguka mtoni. Nyaya zake zilizovutwa tangu lilipojengwa kati ya 1967 na 1971 zilikuwa zimepata nyufa za kutu zisizoonekana kwa nje. Hakuna aliyeumia, kwa bahati tu, maana tramu ilikuwa imepita muda mfupi kabla. Kumbe ufa unaoonekana una nafuu yake, angalau unakusemesha.

Huwa nafikiria haya nikipita Salenda kwenda mjini. Kiini chake ni cha enzi za Mwingereza, likapewa jina la Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika, baadaye likapanuliwa kwa msaada wa Japani. Chini yake maji ya chumvi yanaingia na kutoka kila siku, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa nondo. Juu yake tumo sisi kwenye foleni, mwingine anachezea simu, mwingine anasinzia. Kisha kuna malori. Tangu Machi 2019 tunafuata sheria ya Afrika Mashariki, gari lote na mzigo lisizidi tani 56, na mizani zipo barabarani kwa ajili hiyo. Lakini lori la mchanga linalokata mitaa ya kwetu usiku halipiti kwenye mizani yoyote. Daraja linalipima lenyewe.

Sasa nirudi kwenye deni. Nilimwendea mhariri nikaomba tusahihishe. Ilitoka aya moja ukurasa wa ndani, karibu na matangazo ya viwanja. Ile ya kutisha ilikuwa na picha ya nusu ukurasa. Ndiyo maana naandika hapa, japo najua mnaonisoma humu hamfikii hata robo ya walionunua gazeti siku ile.

Niliandika barua pia. Nikaambatanisha picha za msingi ulioliwa na za ile nondo iliyo wazi, safari hii nikiweka rula pembeni ili ukubwa uonekane, nikaipeleka ofisi inayohusika. Ilichukua miezi. Mwisho wakaja mafundi, wakajaza chini ya ukuta, wakapanga mawe ndani ya nyavu za waya kando ya mfereji, wakaziba na pale palipobanduka. Sijui kama ni barua yangu au zamu yake ilikuwa imefika. Haidhuru.

Na kuna daftari. Kila mwisho wa mwezi mimi na ba'mdogo tunashuka chini ya daraja. Yeye alinifundisha kitu kisichohitaji hela: kwenye ncha ya ufa unachora mstari mdogo wa penseli na kuandika tarehe. Ufa ukirefuka utaukuta umevuka mstari. Ukurasa wa kwanza wa daftari una mchoro wa bimu nne, nyufa saba, na doa moja la kutu. Mpaka leo hakuna ufa uliovuka mstari wake. Ule wangu wa ukurasa wa kwanza bado ni unywele.

Mwezi uliopita tulipopanda kutoka chini, yule kijana wa bodaboda alikuwa amepaki pale juu anasubiri abiria. Akatuona na tochi na daftari.

"Braza, leo umepima?"

"Nimepima."

"Linasemaje?"

Nikamsomea tarehe na namba, zote, hadi ya mwisho. Akasikiliza, akawasha pikipiki, akavuka. Watoto walikuwa wanatoka shule, wanavuka nao, juu ya daraja. Mama wa vitumbua alinidai elfu mbili ya wiki iliyopita, nikamlipa.

Ukiwa na ndugu, jirani au mzee wako aliyewahi kufunga nondo, kumwaga zege au kusimamia daraja lolote mahali popote, nenda kamsalimie ukiwa na kalamu. Muulize mwaka, muulize nondo ngapi, muulize msingi ulikwenda futi ngapi. Andika.

Deni nimelipa. Jumapili njema.